Nta Kwenye Platini

Tangu mwaka jana, nikisikia harufu ya nta ikiyeyuka, hata ya mshumaa kanisani, ninainuka na kuondoka. Watu wangu wamezoea kuniona nikitoka nje, hawaulizi. Ninyi nitawaambia.

Tulikaa kando ya mto Ugalla, upande wa Urambo. Baba alikuwa na boti ya bati yenye injini kuukuu aliyoipenda kupita kiasi. Mama alisema ingejua kupika, yeye angeshafukuzwa. Masika, mto ukijaa, Baba aliwavusha warina asali waendao porini.

Nilipokuwa na miaka minane injini ikagoma, mto ukiwa umefurika. Baba akapanda basi hadi Tabora mjini kutafuta vipuri. Asubuhi aliyorudi, mtu akapaza sauti kutoka ng'ambo: Baba Mdogo, mdogo wake Baba, yuko kambini, homa imempanda, hajitambui. Kwa kasia maji yale hayakuvukika.

Baba akang'oa gurudumu la juu la injini, mimi nikashika bisibisi. Akanionyesha platini, vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu.

"Unyevu ndio umeziua, mama," akaniambia. Nina jina la mama yake.

Akafunga mpya, akapima nafasi kwa wembe, kisha akashuka mtoni kunawa grisi.

Sasa, kwetu nta ndiyo kinga ya maji. Bibi aliipaka mizinga, mitungi, hata viatu vyangu vya shule. Nami nilimpenda Baba Mdogo jamani, yule aliyeniletea masega yamefungwa kwenye majani. Nikalainisha kidonge cha nta kiganjani, nikazipaka platini mpya, hadi katikati, unyevu usizipate tena. Nilijiona fundi. Baba akarudi, akili yote iko ng'ambo, akarudisha gurudumu bila kuchungulia.

Alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Akabadilisha plagi, akavuta tena. Wapi! Ng'ambo yule mtu aliita, akaita, halafu akaacha kuita.

"Haina moto," Baba akasema, akakaa kwenye tope.

Baba Mdogo alizikwa hukohuko porini, bila sisi. Boti haikurudi majini tena. Kila aliyeuliza, Baba alimjibu kwamba aliuziwa vipuri feki, nami nikakua nikimlaani muuza duka nisiyemjua hata sura.

Mwaka jana tukamzika Baba. Ndani ya sanduku lake la vifaa nilikuta platini zile, zimeviringishwa kitambaani. Nta ilikuwa bado ipo, imekauka katikati ya vile vibati, imevizuia visigusane. Juu yake kuna alama ya kidole cha mtoto.

Kumbe aliifungua injini, akaona. Na kila nilipomlaani yule muuza duka, alinijibu maneno yaleyale, taratibu, bila kunitazama: "Ndiyo, mama. Walituuzia takataka."

Nimezirudisha kitambaani. Wa kumwomba radhi sina tena.