Nilivyoacha kompyuta dukani nikarudi nyumbani Pasiansi na kioo na kibodi

Wakuu, habari za jioni.

Leo naanza na kukiri ujinga, nimalizane nao. Mwaka mmoja wa tisini na kitu, mimi mwenye cheti cha fomu foo, niliingia duka la kompyuta hapa Mwanza mjini, nikachagua kwa makini, nikalipa, nikaondoka. Kompyuta yenyewe nikaiacha dukani.

Haya ninayoandika ni ya kweli tupu. Angekuwa mtu mwingine ningeyatia chumvi, ila kwa kuwa ni mimi, yanatosha yalivyo.

Turudi nyuma kidogo.

Nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya pamba. Tulikuwa na kompyuta bwana, wakati huo mji mzima ungezihesabu kwa vidole. Mezani kwangu kulikuwa na kioo na kibodi, basi. Waya ulitoboa ukuta ukaingia chumba cha kiyoyozi ambacho sisi makarani hatukuruhusiwa kukanyaga. Sikuwahi kuuliza kuna nini mle. Nilidhani wakubwa wanapumzika.

Miaka minne nikapiga takwimu za marobota. Kisha likaja punguzo la wafanyakazi, nikapunguzwa.

Nikakaa nyumbani miaka sita. Mimi ni mtu wa ndani kwa asili, majirani wakaniita mwali. Aliyekuwa anatoka ni mke wangu, Anastazia, kiwanda cha minofu ya sangara pale ufukweni. Kusimama tangu asubuhi, kisu mkononi, maji ya barafu. Vidole vyake vilivimba hadi pete ikabidi ikatwe.

Mafao yangu yalipotoka hatimaye, nikamwambia: "Mama Neema, nanunua kompyuta. Nitachapa kazi za watu hapa hapa nyumbani. Wewe acha kiwanda."

Hakuruka kwa furaha. Aliniuliza tu, "Una uhakika unaikumbuka?"

Nikacheka. Mimi?

Siku hiyo hiyo akaaga kazini.

Dukani nikampata kijana mmoja, Salum, ukoo wao wa biashara miaka mingi. Alikuwa na mitumba ya kompyuta, kila kipande na bei yake. Nikakagua vioo vitatu, nikavigonga kwa kucha kama mtu anayechagua nazi. Nikabonyeza kibodi herufi zote. Nikaongeza na printa.

Chini ya kioo nilichokipenda kulikuwa na boksi bapa, zito, la chuma.

"Hili nalo mjomba?" Salum akauliza.

"Hilo niondolee. Nyumbani nina meza ya mninga."

"Unaacha kweli? Au unalo lingine?"

"Kijana, mimi nimefanya kazi na kompyuta miaka minne. Usiniuzie stendi."

Akanitazama. "Haya bosi. Wewe ndiye mjuzi. Ila mali ikishatoka hairudi."

Wakuu, nilitoka pale nimevimba kichwa. Nimekwepa kupigwa!

Nyumbani mteja wa kwanza alikuwa ananisubiri. Jirani yetu Mama Kulwa, na katiba ya kikundi chao cha akina mama, imeandikwa kwa mkono. Akavuta kiti. Anastazia akasimama mlangoni, kanga mpya.

Nikachomeka kioo kwenye umeme. Kitaa kidogo kikawaka. Giza.

"Inapasha moto," nikasema.

Nikachukua waya wa kibodi nitafute tundu nyuma ya kioo. Hakuna. Waya wa printa, hakuna. Kioo chenyewe kina waya mnene unaning'inia, hauna pa kwenda. Nikageuza kioo kama mtu anayemtafuta kupe kwenye ng'ombe.

Hapo ndipo kile chumba cha kiyoyozi kikanijia kichwani. Na lile boksi: kumbe ndiyo kompyuta yenyewe.

Mama Kulwa akaniuliza kama umeme umekatika. Anastazia alishaelewa, akaingia jikoni.

Kesho yake nilikuwa dukani kabla hawajafungua. Boksi lilishaenda jioni ile ile na kioo kingine. Lingine? Salum hakujua lini. Kurudisha vitu akakataa, na haki alikuwa nayo, aliniuliza mara mbili.

Anastazia akarudi kiwandani kuomba. Nafasi yake ya mezani ilishapata mtu. Wakamweka chumba cha barafu.

Hakuwahi kunisema. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningepata matusi yangu ningelala vizuri.

Funzo langu ni hili: nilijua kubonyeza, nikadhani najua kompyuta. Na swali moja tu, "hili boksi la nini?", lilinishinda kwa sababu niliona aibu kuuliza mtu niliyemzidi umri. Aibu ile nikamlipisha mke wangu.

Mliowahi kuponzwa na ujuzi wa zamani, shukeni hapa chini tufarijiane. Wa kucheka nao wacheke, ila wajue wamechelewa, jirani alishawatangulia. Wiki ya pili Mama Kulwa alikuja kuchukua katiba yake akachapishiwe kwingine. Akanikuta na kitambaa, napangusa kile kioo. Akasema, na namnukuu neno kwa neno:

"Baba Neema, mwenzio vidole vinaoza kwenye barafu, wewe unapangusa kioo. Kiwandani wanachukua na wanaume."