Uzito wa Shangazi

Shangazi hakuwahi kupita kando ya gari lililosimama bila kuliwekea kiganja. Liwe la mteja, la jirani, la bwana harusi au lililobeba jeneza, alisogea kwenye pembe ya boneti au ya buti, akakandamiza kwa nguvu, akaachia, kisha akasimama kutazama. Gari zima lilipanda mara moja likatulia. Gari bovu liliendelea kuitikia, juu chini, juu chini, na hapo Shangazi alisema bila kujali nani yupo, "Hili linakubali kila linaloambiwa, kama mume wangu wa kwanza."

Mtaani walimwita Bi Shokapu. Gereji yake ilikuwa chumba kirefu cha mabati chenye mlango wa kukunja, na meza ya kazi iliyopigwa nyundo miaka mingi hadi ikabonyea katikati. Injini hakugusa. Injini, alisema, ni za watu wa kelele. Yeye kazi yake ilikuwa springi, shokapu, bushi na matairi, vile vitu vinavyolishika gari na ardhi yake. Mwenye gari la kasi aliyetaka likae chini na liingie kona bila kuyumba aliletewa kibao akae, akaombwa kitu kimoja tu: anyamaze.

Binti wa marehemu kaka yake alikulia humo, kati ya harufu ya grisi na ya mpira mpya. Shangazi alimwita Kibiriti, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakukawia kuwaka. Mengi alijifunza kwa kuangalia, lakini moja aliambiwa tena na tena tangu akiwa hawezi kuinua jeki: bolti za bushi hazikazwi gari likiwa juu.

Bushi ni kipande cha mpira kinachokaa kwenye maungio, chuma kisisage chuma. Ukikaza bolti wakati gurudumu linaning'inia, mpira unashikwa katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishuka, mpira unajinyonga, na utaendelea kujinyonga kila safari mpaka uchanike. Kwa hiyo gari hushushwa kwanza likasimama kwa magurudumu yake, kwenye kiti cha dereva ukawekwa uzito unaofanana na wa dereva, ndipo fundi aingie chini akaze.

"Fundi cherehani hapimi suruali mtu akiwa ananing'inia kwenye mti," Shangazi alisema. "Asimame kwanza."

Mwaka ambao Kibiriti alikata shauri kushindana kwenye mbio za kupanda mlima, walilifungua gari lao jekundu la milango miwili hadi likabaki kama samaki aliyeliwa. Wakatia springi fupi na ngumu, shokapu zinazoweza kulegezwa na kukazwa, na matairi mapana ya mpira laini ambayo yakishapata moto yalinata kwenye lami. Katika mbio hizo magari hupanda moja moja. Kona ya juu kabisa iliitwa Kiwiko. Ilikata kulia kwa ghafla, na upande wake wa kushoto hapakuwa na ukuta wala kingo, ila mteremko wa mawe. Msimu uliopita muuza vioo aliruka pale na gari lake. Mwenyewe alitoka hai, ila mguu wake haukutoka mzima.

Walipolijaribu, gari lilishangaza. Kona za kushoto lilizipita kama limegandishwa. Za kulia, mkia ulitaka kutangulia mbele ya kichwa. Wakapunguza upepo wa matairi, wakaongeza. Shangazi akalegeza shokapu za nyuma, akazikaza tena. Mkia ukabaki na ujeuri wake.

"Ni matairi mapya tu, hayajazoea," alisema Shangazi.

Alilisema hilo akitazama pembeni. Kibiriti aliona, akajiambia kwamba Shangazi amechoka.

Asubuhi ya mashindano walipanga magari kwenye uwanja wa changarawe chini ya mlima. Jirani yao alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, mwenye gari jeupe na mdomo usiofungwa.

"Kibiriti, leo usituwashie mlima!" alipaza sauti.

"Wewe shika wembe wako, usijikate."

"Shikamoo, Bi Shokapu! Mbona huji kuniwekea mkono?"

"Marahaba. La kwako naliona kutoka hapa. Linaitikia kama kwaya."

Watu wakacheka. Shangazi akaenda kukaa kwenye kigoda chake, akiyasugua magoti kwa viganja vyote viwili. Mkaguzi alipita, akatazama breki na mkanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari jeupe lilisogea mstarini. Jekundu lingelifuata baada ya mengine machache.

Kibiriti alibaki peke yake na gari. Akaipa mikono kazi. Akaweka kiganja mbele kulia, akakandamiza, akaachia: likapanda, likatulia. Mbele kushoto, vilevile. Nyuma kulia, vilevile. Nyuma kushoto akakandamiza, na gari likakataa kushuka. Akaegemea kwa uzito wake wote. Likashuka shingo upande, na alipoachia likaguna kama mlango wa kabati la zamani, likapanda, likabaki limeinuka kwa unene wa kidole kuliko upande wake wa kulia.

Bolti za kulia alizikaza mwenyewe, akiwa chali juu ya boksi lililokunjuliwa, gari likiwa limesimama. Za kushoto zilikazwa na Shangazi. Siku ile Kibiriti alikwenda kuchukua matairi, akarudi akakuta kazi imekwisha na Shangazi ananawa mikono. Hakujiuliza. Sasa alijiuliza: mtu ambaye kwa muda mrefu hawezi kupiga magoti hata kuokota spana, aliingiaje chini ya gari lililokaa chini namna ile?

Angeweza kunyamaza. Angeweza kupanda polepole, akaifikia Kiwiko kwa adabu, akarudi na kila mfupa wake mahali pake. Lakini alijijua. Akiwa mstarini hangekuwa na adabu. Na hakuna aliyewahi kumwambia Bi Shokapu kwamba amekosea. Gereji nzima ilisimama juu ya jina hilo.

Akajikaza kisabuni, akaenda kuchuchumaa mbele ya kigoda.

"Shangazi."

"Nini? Maji nimeshakunywa."

"Zile bolti za nyuma kushoto. Ulizikaza gari likiwa chini?"

Shangazi aliacha kusugua magoti. Huko mstarini gari jeupe lilinguruma, likaondoka, na sauti yake ikapanda mlimani ikipungua kona baada ya kona. Alingoja mpaka ikapotea.

"Nilijaribu kuingia," alisema. "Nililala chini, nikashindwa kugeuka. Halafu nikashindwa kuinuka. Nikakaa pale sakafuni na aibu yangu, nikiomba asije mteja. Nilipoweza kusimama, nikalipandisha kwenye jeki, nikakaza."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba Bi Shokapu hawezi kulala chini ya gari?" Akashika ukingo wa kigoda ainuke. "Nakwenda kwa mkaguzi. Tunajitoa. Hupandi mlima huu na mpira ulionyongwa kwa mkono wangu."

"Tunajitoa na spana tunazo? Twende ukae kwenye kiti."

"Mimi?"

"Mimi nitakuwa chini. Nani atakuwa uzito wangu?"

"Mimi ni Kibiriti wawili, wewe."

"Basi mmoja atoe pumzi. Ingia!"

Walilipandisha juu ya mbao mbili nene, magurudumu yote yakikanyaga, ili ipatikane nafasi ya kuingia chini. Shangazi akajitumbukiza kwenye kiti kile cha kubana kwa kuguna na kulaani aliyekibuni. Kibiriti akalala chali, akatoa hewa yote kifuani, akajisukuma ndani. Bomba la moshi lilikuwa bado na joto, na chuma kilikuwa karibu na pua yake kiasi kwamba hakuweza kugeuza kichwa. Spana ilishika, ikateleza, ikamchuna vidole.

"Legeza zote kwanza!" sauti ya Shangazi ilishuka kupitia sakafu. "Usikaze chochote mpaka nitikise."

"Nalegeza!"

"Gari jekundu!" mkaguzi aliita kwa kipaza sauti. "Gari jekundu, mstarini!"

"Mwambie tunakuja!"

"Mwambie mwenyewe, mimi ni uzito tu."

Bolti ya pili ikakubali. Shangazi akaanza kujirusha kitini, huku na huku, na mpira ukaachia kwa mlio mkavu, kama kidole kinapolizwa. Gari zima likamshukia Kibiriti usoni kwa unene wa kidole kimoja. Akafumba macho. Halikushuka zaidi. Akakaza, jasho likimwingia machoni, akisikiliza mkaguzi akiita mara ya mwisho.

Alipotoka, Shangazi alikuwa amenasa kitini. Kibiriti na mkaguzi, aliyekuwa amewafuata, wakamvuta, kila mmoja mkono wake. Shangazi aliposimama alizunguka nyuma, akaweka kiganja kushoto, akakandamiza, akatazama. Kisha akajifuta mkono kwenye ovaroli na kuondoka njiani.

Kibiriti alipanda akiwa hajui alichobeba. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu. Kona za kwanza alizipita meno yameumana, akisubiri mkia umsaliti. Haukumsaliti, lakini hakuuamini. Kiwiko ilipojitokeza aligusa breki, akageuza usukani kulia, na uzito wote wa gari ukaenda kuketi juu ya gurudumu lile la nyuma kushoto. Aliyaona mawe. Matairi yakalia. Mkia ukasogea, kidogo, kama mtu anayejiweka sawa kwenye benchi, ukakaa. Akakanyaga mafuta.

Kinyozi alimshinda siku ile, na hakuacha kumkumbusha.

Baada ya hapo ikawa ndio desturi ya gereji: Kibiriti chini, Shangazi kitini. Alipanda na kikombe chake cha chai, akatoa amri kupitia sakafu, akatania wateja kupitia dirishani. Wageni walidhani mama wa watu amepumzika. Habari ya magoti haikutajwa tena na yeyote. Kibiriti alizoea kuusikia mlango ukifungwa juu yake, halafu gari likishuka na kutulia, ndipo anyooshe mkono kwenye spana.

Ugonjwa ulipoingia uliingia kimya. Ovaroli ilianza kukunjwa kiunoni, kisha ikafungwa kwa mkanda, kisha mkanda ukatobolewa tundu jipya. Viganja vyake viliendelea kukandamiza magari, ila sasa aliegemea kwa mikono yote miwili.

Siku yake ya mwisho gerejini alikazana kusaidia kwenye gari la mteja mnene, mwenye haraka zake. Kesho yake hangeamka; siku hiyo alipanda kitini na kikombe chake kama kawaida. Kibiriti alikuwa chali chini ya gari, spana mkononi. Alisikia mlango ukifungwa, akangoja gari lishuke. Halikushuka. Akangoja tena, akitazama nafasi nyembamba kati ya tairi na bodi, akidhani labda Shangazi bado hajakaa vizuri. Huko juu kikombe kiliwekwa mahali taratibu, na sauti ikaja kupitia sakafu, ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza spana:

"Kibiriti, leta mfuko wa mchanga uniwekee hapa kando, mwanangu. Peke yangu sitoshi tena."