Viwiko Kwenye Barieri ya Beni

Ugonjwa ulinianza viwikoni nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya msingi Musienene. Ukashuka magotini, ukapanda kichwani: mabaka mekundu yenye magamba meupe. Mama alisema baba yake alikuwa nayo vilevile. Kila vita vilipotukaribia, mabaka yalizidi kuenea.

Mwishowe nilipanda lori la maharagwe kwenda kumwona daktari mjini Beni. Kabla ya kuingia mjini, askari wa barieri, kizuizi cha barabarani, walitushusha. Walikuwa wakiwatafuta wapiganaji wa porini. Wanaume wote tulikunja mikono ya shati na miguu ya suruali, kwani mwenye viwiko na magoti magumu, walisema, amezoea kutambaa na bunduki.

Askari mmoja alinishika mkono. "Wewe! Ulijifunzia wapi kutambaa?"

"Ni ugonjwa, shefu. Miye ni mwalimu."

"Mwalimu anatambaaka mu darasa?"

Wenzake walicheka. Akanipigisha magoti kando ya mtaro, karibu na vijana wawili waliokwisha kufungwa kamba. Akakwangua kiwiko changu kwa kisu cha bunduki. Magamba yakadondoka, damu ikatoka kwa vitone vidogo vidogo. Nilijikojolea. Nilitaka kuomba Mungu, hata Baba Yetu ikanipotea.

Ndipo mama mmoja wa lori letu akasogea, mikono juu.

"Shefu, miye ni muuguzi. Utoshe kofia yake, uangalie mu kichwa. Ni mutu gani anatambaaka na kichwa?"

Askari aliivuta kofia. Vumbi jeupe likamwagika juu ya buti zake. Akaruka nyuma.

"Ni ukoma?"

"Hapana. Ni psoriasis, ugonjwa wa ngozi tu. Haiambukizake."

Nilimchukia muuguzi yule kwa kusema kweli. Nilitaka askari aogope ukoma, aniache. Lakini alikuwa ameogopa tayari. "Muondoe huyu! Muende!"

Nikapanda bila kuwatazama wale vijana wawili. Nilihofu jicho langu tu lingenirudisha pale. Hadi leo sijui yaliyowapata.

Ndani ya lori watu walinihama, wakabanana upande wa pili. Muuguzi peke yake alikaa nami, akanifunga kiwiko kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Haiponake kabisa, mwalimu," aliniambia, "lakini unaweza kuishi nayo."

Daktari alinipa mafuta ya kupaka. Nilikaa kwa dada yangu Mulekera, mtaa wa Beni, miezi mitatu, mabaka yakifunika mgongo mzima, kwa sababu sikuthubutu kuipita tena barieri ile kurudi Musienene.