Upepo Haina Saa

Juzi nilimkuta tonton, mdogo wa mama yangu, akifundisha wakulima mambo ya hewa katika salle moja ya mikutano ya Muhumba, juu kidogo ya ziwa. Eti upepo wa milima yetu ni somo gumu kwa mtu ambaye hakusoma. Nilimcheka kimoyomoyo.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja alipanda kilima hadi kwa koko, mama yake, amevaa kravate shingoni, diplome yake ya mambo ya hewa bado mpya. Alitukuta na marundo ya magugu makavu shambani.

"Tutachoma kesho asubuhi," koko alimwambia. "Asubuhi upepo unashuka kwenye ziwa. Muchana unapanda kwetu."

"Maman, upepo haina saa," tonton alijibu, akawasha.

Moshi ulishuka hatua chache, ukasita, kisha ukageuka na kupanda moja kwa moja mpaka nyumbani, na ile harufu kali ya majani yaliyoungua nusu. Mimi nilidhani kravate imeleta mawingu ya mvua. Nikakimbia kwa furaha kutega beseni chini ya bati, huku nyuma yangu koko akikohoa. Tonton alisimama mbali, kitambaa puani, akilaumu magugu.

Kikohozi kile hakikumwacha koko mpaka tulipomzika.

Sasa salle ilikuwa na joto. Chini, kando ya ziwa, watu walikuwa wanachoma takataka.

"Mufungue madirisha," tonton akasema, "tupate hewa safi ya ziwa."

Ilikuwa saa nane mchana. Nikasimama, nikayafungua yote.