Kurasa Nilizozikata kwa Wembe

Mwaka ule wa vita wanafunzi wengi walikimbia chuo kikuu na nguo walizovaa tu. Wengine waliuawa. Siku chache baadaye wanaume wawili nisiowajua walisimamisha mkokoteni mbele ya duka langu la vitabu vikuukuu, pale mtaa wa Nyakabiga, karibu na chuo. Ulijaa vitabu vya mabwenini. Nilijua vimetoka wapi. Nilivinunua.

Karibu kila kimoja kilikuwa na jina la mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza. Nilifunga mlango, nikachukua wembe, nikazikata kurasa zile zote. Mke wangu alizitumia kuwashia jiko la mkaa, tukapikia maharage.

Baada ya mwezi hivi akaja mama mmoja aliyevaa kitenge kilichofifia, ameshika kikaratasi.

"Papa, mi sijue kusoma," aliniambia. "Jina ya mutoto wangu iko hapa. Alikuwa anasoma kemia. Watu wanasema vitabu vya banafunzi viko kwako. Unitafutie yenye aliandika jina yake. Nataka tu mwandiko wake. Sina hata picha."

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilimpa kiti, nikapokea kikaratasi, nikakitazama, nikamrudishia, kisha nikaanza kufungua vitabu mbele yake, nikijua hakuna jina litakaloonekana. "Hiki apana, mama. Na hiki apana." Alinishukuru kwa kujisumbua. Jumamosi iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena.

Mara ya tatu alichukua kitabu mwenyewe. Akapitisha kidole pale karatasi ilipokatwa, karibu na mshono.

"Hapa kulikuwa nini?"

"Panya, mama. Wanatusumbua sana."

Alifungua cha pili, cha tatu. Akavirudisha vizuri mahali pake, akanitazama.

"Panya ya kwako inajua kukata muzuri."

Hakupiga kelele. Alikunja kikaratasi chake, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akatoka. Nilisimama mlangoni nikimwona akivuka barabara. Ningemwita, angesikia. Alasiri ileile msichana mmoja aliulizia kitabu cha kemia, nikamuuzia kimoja kati ya vile.

Mama yule hakurudi. Risasi zilipopungua mjini, nilimwambia mke wangu nataka kumtafuta nikamwombe msamaha.

"Mwanawe aliitwa nani?" aliniuliza.

Kikaratasi kile nilikishika mara mbili mkononi mwangu, nikajifanya nasoma.