Nusu ya Kichwa cha Odette

Ilikuwa saa kumi na robo alasiri, mwanangu, siku ya Jumamosi, mama alipomkalisha mdogo wangu Odette kwenye kigoda uani kwetu Katuba ili amnyoe. Dawa ya chawa ya dukani ilikuwa imeshindwa mara mbili, na komunyo yake ya kwanza ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mtoto alilia, alitaka kusukwa kama wenzake.

“Ao tumupulizie ile dawa ya mbu?” mama akauliza.

“Mama, ile itaua mutoto mbele ya kuua chawa,” akajibu dada yangu mkubwa, Régine, msusi wa mtaa wetu. “Na ya duka, chawa banaizoea. Ukiongeza, itachoma mutoto tu.”

Alikuwa na kichupa cha mafuta makali ya mchaichai, yale yanayopatikana kwa kuchemsha majani na kukusanya mvuke wake.

“Na hii itabaua?”

“Sijue, mama. Tujaribu nusu.”

Hilo “sijue” nalipenda hadi leo. Alitia matone machache katika mafuta ya karanga, akampaka Odette kidogo tu ndani ya kiwiko, akangoja hadi kesho yake, Jumapili. Ngozi haikuwasha. Baada ya misa akazigawa nywele kwa mstari mnyoofu, kutoka paji la uso hadi kisogoni, kama anavyoanza kusuka. Kushoto akapaka dawa ya duka, kulia mafuta yake. Baadaye akaosha, akachana kwa kitana cha meno membamba, kila upande juu ya kitambaa chake cheupe.

Chawa wa kushoto walitembea.

“Ba huku banafufuka mbele ya Pasaka kufika!” akasema, na Odette akacheka.

Wa kulia walilala, ila wachache walitikisa miguu. Régine hakuwaficha. “Huku pia kuko bazima,” akamwambia mama. Basi akapaka kichwa chote mafuta yake, akachana kila jioni, akarudia Jumamosi, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Jumapili ya komunyo Odette aliingia kanisani na misuko yake, shingo imenyooka.

Mwanangu, dawa ikishindwa, usiiongeze kwa hasira. Mafuta ya mimea nayo ni makali: yapunguze, yajaribu kwenye ngozi kidogo, yasifike machoni, wala usimpake mtoto mchanga. Kitana usikiache. Na usilolijua, sema hulijui, kisha lichunguze. Mungu akupe macho ya kuona na mikono isiyo na haraka.