Pamba Kwenye Kopo la Dawa

Huku kwetu Kilwa, wengi wanaomeza dawa za Ukimwi huziba kopo kwa pamba, vidonge visilie njiani. Juzi kliniki, mama mmoja mkulima wa korosho alitoka kwa daktari akisema kwa sauti:

“Kirusi changu kimezizoea dawa za mwanzo, lakini kuzizoea kumekichosha. Kinazaliana kwa kujikokota.”

“Basi si upumzike dawa, dada?” akauliza mwanamume benchini.

“Thubutu! Kile cha awali chenye nguvu, kisichozizoea dawa, bado kimejificha mwilini. Nikilegeza tu, kinarudi. Hiki nitakibana hivyohivyo kinavyochechemea!”

Akachomoa pamba, akaitupa, akaondoka akitikisa kopo kama kayamba.

Kirusi hakina masikio. Mlio ule tunawaficha majirani tu.

Nami nikachomoa pamba kwenye kopo langu.